C. V. Raman, Mkaguzi wa Hesabu Aliyeipima Bahari

Pale Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafizikia wamekuwa wakimulika damu kwa leza ili kutafuta dalili za ugonjwa wa sukari. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Mhindi aliyefariki mwaka 1970, naye ni C. V. Raman.

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India, babake akiwa mwalimu. Mwaka 1904 alipata shahada ya kwanza, umri ambao wengi wetu tuko kidato cha pili au cha tatu! Lakini kazi za sayansi zilikuwa haba, basi mwaka 1907 akaajiriwa na idara ya fedha mjini Calcutta. Mchana alikagua hesabu za serikali. Asubuhi na jioni alikuwa katika maabara ya chama kimoja cha sayansi. Miaka kumi hivyo, jamani, si mchezo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 1917 aliacha mshahara mnono akawa profesa.

Mwaka 1921, akirudi kwao kwa meli kutoka Uingereza, aliona jinsi Bahari ya Mediterania ilivyo buluu. Wataalamu walisema ati ile ni rangi ya anga tu, maji yakiwa kama kioo. Raman akatumia kifaa kidogo kuzuia nuru inayorudishwa na uso wa maji. Kumbe buluu ikabaki pale pale! Maji yenyewe ndiyo yanayoitawanya nuru.

Tarehe 28 Februari 1928, yeye na msaidizi wake K. S. Krishnan waligundua kwamba nuru ya rangi moja ikipita katika kioevu, sehemu ndogo sana hutoka na rangi nyingine. Molekuli hutikisika, zikaipunguzia au kuiongezea nuru nguvu. Kila aina ya molekuli ina mtikisiko wake, kama vile kila mtu ana sauti yake. Raman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Siku hizi wanasayansi hulipiga jani kwa mimweko ya leza inayofuatana upesi mno, wajue nguvu ya jua inavyosafiri ndani yake.

Lakini mimi ni msichana, na kuna jambo siwezi kulipita. Mwaka 1933, akiwa mkuu wa taasisi ya sayansi ya Bangalore, Raman alimkataa Kamala Bhagvat kwa sababu ni mwanamke. Kamala alisimama kidete mpaka akapewa mwaka mmoja wa majaribio. Alifanya kazi nzuri hata Raman akawafungulia wasichana wengine mlango. Mwaka 1939 Kamala alipata udaktari Cambridge.

Ajabu ni kwamba mtu aliyekataa kuamini habari za bahari bila kupima, aliamini habari za wasichana bila kupima. Dada zangu wa kidato cha pili, karibu mtachagua masomo. Mtu akikuambia fizikia si ya wasichana, mwulize amepima lini.