Tingatinga, mchoraji aliyetumia rangi ya kinga

Mutu wa Kadutu ao wa Ibanda akiwa na gari ya zamani ambayo rangi inatoka, anaipeleka kwa fundi. Fundi anasugua na msasa, anajaza mashimo na mastiki, anasugua tena, halafu anapuliza rangi mpya. Gari inarudi barabarani ikingaa, hata kama moteri ni ileile ya siku zote. Wachache wanajua kama ndugu ya ile rangi, rangi ya mafuta ya kupaka kinga, yaani baiskeli, ndiyo ilimpeleka kijana mmoja masikini kujulikana dunia nzima. Jina lake Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kwa Kiswahili cha huko, tingatinga ni ile mashine kubwa ya kusukuma udongo, na wageni wengi walifikiri ni jina la mchezo. Hapana, ni jina la familia. Masomo yake yalikuwa kidogo. Alitoka kwao kutafuta maisha, akapita Tanga kwenye mashamba ya mkonge, halafu akafika Dar es Salaam. Huko alifanya kazi ya bustani kwa mzungu, na baadaye alifanya kazi ndogo ku hospitali ya Muhimbili. Hakuna shule ya sanaa aliyopitia.

Alianza kuchora karibu mwaka 1968, tayari mutu mzima. Hapa kuna jambo la kufurahisha watu wa Kongo: wengi wa walioandika juu yake wanasema aliona picha za Wakongomani zikiuzwa mu barabara za Dar es Salaam, akaona kumbe hata yeye anaweza. Lakini feza ya kununua rangi za wachoraji, zile za tubu ndogo, angeitoa wapi? Akaenda dukani, akanunua rangi ya baiskeli ya mukebe. Pa kuchorea, akachukua vipande vya mbao nyepesi za plafo, miraba ya sentimeta 60 kwa 60 hivi.

Fundi yeyote wa karoseri angemuelewa. Rangi ya mafuta inakauka mara mbili. Kwanza dawa ya kuilainisha inaruka hewani, kisha ile inayobaki inakula hewa na kuwa ngumu polepole. Ngozi ya juu inatangulia. Mutu akiwa na haraka, akiweka mkono wa pili wakati chini bado bichi, rangi inajikunja kama ngozi ya mzee. Wakati wa mvua, unyevu unachelewesha kila kitu na mngao unapotea. Wakati wa kiangazi, vumbi inashikamana. Juu ya hiyo, Tingatinga hakuchanganya mambo. Alipaka rangi moja ubao muzima, akaacha ikauke, ndipo akaweka mnyama wake juu: chui, tembo, ndege, na mara nyingi doti nyingi kwenye ngozi. Mustari safi, rangi kali, hakuna kivuli. Wengine walidhani ni kushindwa kuchora. Ukweli ni kwamba rangi ya mukebe haipendi kuchanganywa ikiwa mbichi, na yeye aligeuza ubaya wake kuwa sura yake.

Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, penye kupita wazungu wengi. Zilikuwa bei ndogo, na zilitoka haraka. Alipoona kazi inamuzidi, aliwaita ndugu na vijana wa karibu: Ajaba Abdallah, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Aliwafundisha kwa kuwaweka pembeni yake, kama garaji inavyofundisha aprenti.

Ikafika mwaka 1972. Usiku mumoja alikuwa ndani ya gari, na polisi walikuwa wakitafuta wezi. Walimdhania kuwa mumoja wao, wakapiga risasi. Alikufa akiwa na miaka karibu 40, akiacha mke, Agatha, na watoto wawili wadogo. Kazi yote ya kuchora ilidumu miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuacha. Waliendelea kuchora palepale, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina la mwalimu. Simon Mpata alikwenda Nairobi, naye akajulikana. Leo, kutoka Zanzibar mpaka Nairobi, mtalii anayetaka kitu cha Afrika Mashariki anaonyeshwa kwanza twiga na tembo za mtindo huu. Wengi wa wachoraji hao wangali wanafungua mukebe uleule wa rangi ya mafuta, wanapaka ubao mzima rangi moja, halafu wanangoja ikauke.