Georg Ohm: Mwana wa Fundi wa Makufuli Aliyeupatia Umeme Hesabu Yake

Mwezi mmoja wa Ramadhani, saa ya kufuturu ikiwa imekaribia, mimi mwenyewe nilichomeka pasi na birika la stima katika waya mmoja mwembamba wa kurefushia. Haukupita muda nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Namshukuru Mungu haikuwa nyumba nzima. Fundi nilipomwita hakushika bisibisi kwanza, alishika kalamu. Hesabu aliyonifanyia ndiyo iliyonipeleka kutafuta habari za mtu aliyeiweka msingi wake.

Mtu huyo ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Hakupata masomo ya shule, lakini alijifundisha hesabu mwenyewe hata akaweza kuwasomesha wanawe nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Georg na nduguye Martin wote wawili walikuja kuwa mabingwa wa hesabu.

Mwaka 1805 kijana huyu aliingia chuo kikuu cha Erlangen. Lakini ujana una mambo yake. Alishughulika na dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu kuliko vitabu. Mzee alikasirika kuona mwana anaichezea nafasi ambayo yeye hakuipata. Georg akatoka chuoni, na mwaka 1806 akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Huko alijisomea peke yake, akarudi Erlangen na kupata udaktari mwaka 1811.

Baada ya hapo alihangaika shule hata shule, mshahara haba, mpaka mwaka 1817 alipoajiriwa katika shule moja mjini Cologne iliyokuwa na vyombo vya majaribio. Hapo ndipo alipoanza kuuliza swali lake: waya huuzuia umeme kwa kiasi gani?

Shida yake ya kwanza ilikuwa betri za siku hizo. Nguvu zake zilikuwa zikipungua huku yeye akipima. Mwanachuoni mwenzake, Poggendorff, akamshauri atumie madini mawili yaliyounganishwa, bismuthi na shaba, kiungo kimoja kikae katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu. Maadamu maji yanachemka na barafu haijayeyuka, nguvu ya umeme haibadiliki. Basi akawa anaunga nyaya za shaba za unene mmoja na urefu mbalimbali, na kutazama sindano ya sumaku imepinda kiasi gani. Waya ukiwa mrefu, umeme unaopita hupungua, tena kwa kipimo maalumu.

Matokeo hayo aliyatoa katika kitabu mjini Berlin mwaka 1827. Alitumaini kitabu hicho kingempatia kiti cha uprofesa. Wapi! Wakubwa wa elimu kwao walikipokea kwa ubaridi. Kwa uchungu alijiuzulu kazi yake ya Cologne, akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha, mpaka alipopata kazi Nuremberg mwaka 1833.

Heshima ilitoka ugenini kwanza. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunukia nishani ya Copley. Kiti cha uprofesa wa fizikia alichokitamani alikipata katika chuo kikuu cha Munich mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 63. Alikikalia miaka miwili tu, akafariki tarehe 6 Julai, 1854. Mwaka 1881, mkutano wa mabingwa wa umeme mjini Paris uliidhinisha jina lake liwe jina la kipimo cha ukinzani, nasi twakiita omu.

Sasa turudi kwenye pasi yangu. Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240. Pasi ilikuwa ikivuta ampea 5. Gawanya 240 kwa 5, upate ukinzani wa omu 48. Zidisha 240 kwa 5, upate nguvu ya wati 1,200. Birika lilivuta ampea 10: ukinzani wake ni omu 24, na nguvu yake wati 2,400. Utaona kwamba chombo chenye ukinzani mdogo ndicho kinachokula stima zaidi. Hesabu ya wati haikutoka kwa Ohm mwenyewe. Ilikamilishwa na wengine waliomfuata, lakini bila ya njia yake isingefika mbali.

Jumlisha ampea 5 na 10, ni 15. Plagi zetu ni za ampea 13, na ule waya wangu mwembamba haukufikia hata hapo. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limeshapigiwa hesabu tangu miaka mingi kabla sijazaliwa.

Siku hizi, kabla ya kuchomeka, nami nashika kalamu. Kila nikigawanya, namkumbuka yule mzee wa makufuli aliyeketi na wanawe jioni akiwafunza hesabu ambayo yeye hakufunzwa na mtu.