Allidina Visram: Tajiri aliyewapa wenye maduka madogo mali kauli

Duka kubwa likishusha bei, wenye maduka madogo hukosa usingizi. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, tajiri mkubwa wa maduka Afrika Mashariki alipita njia nyingine.

Allidina Visram alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Akiwa na miaka 12 tu alivuka bahari hadi Bagamoyo, akaanza kazi kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alitanua biashara. Reli ilipotoka Mombasa kwenda Kisumu, naye akaifuata kwa maduka, hadi Jinja na Kampala. Matawi yakapita 30.

Kwa mtaji ule angeweza kuwamaliza wadogo. Badala yake aliwapa mzigo kwa mali kauli: wakauze vijijini kwanza, walipe baadaye. Baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake wakafungua maduka yao wenyewe.

Ila mali kauli nayo ina bei yake. Anayechukua mzigo kwa mkopo hapangi bei, na tajiri akiyumba, naye anayumba.

Allidina alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul naye hakuishi miaka mingi baada yake, na himaya ile ikasambaratika. Jina limebaki kwenye shule ya sekondari Mombasa.

Kwa mwenye duka wa Dindira au Korogwe mjini, swali bado ni lile lile: mkubwa akija, atampa mzigo auze, au atamnyang'anya wateja?