Malam Aminu Kano: Lugha, Dini na Siasa ya Makabwela Kaskazini mwa Nigeria

1.0 Utangulizi

Historia ya siasa za Kaskazini mwa Nigeria katika karne ya 20 aghalabu huelezwa kwa kufuata maisha ya wale waliotawala. Malam Aminu Kano hakuwahi kuwa waziri mkuu, gavana wala rais, na katika uchaguzi alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hata hivyo, jina lake ndilo lililodumu midomoni mwa wakulima na wachuuzi wa Kano. Makala haya yanafuatilia maisha yake kwa lengo la kuonyesha mambo mawili. Kwanza, nguvu yake ilitokana na kuupinga utawala wa makabaila kwa kutumia lugha na elimu ya makabaila wenyewe. Pili, nguvu hiyo ilifikia kikomo pale chama chake kilipokabidhiwa serikali.

2.0 Malezi na Elimu

Aminu alizaliwa mjini Kano mwaka 1920 katika ukoo wa Genawa, Wafulani waliosifika kwa elimu ya dini na sheria. Baba yake, Malam Yusufu, alikuwa mwanachuoni aliyepata kukaimu ukadhi. Kutokana na malezi hayo, Kurani, fikihi na mwenendo wa mahakama za emiri vilikuwa kwake mambo ya nyumbani kabla hajaingia shule ya serikali. Akiwa Chuo cha Kaduna alianza kutunga michezo ya kuigiza kwa Kihausa, iliyokejeli udanganyifu wa sokoni na jeuri ya watawala wa kienyeji.

Kuanzia mwaka 1942 alifundisha Bauchi. Huko alikutana na watu wawili ambao wangeelekea pande tofauti: mshairi Sa'adu Zungur, aliyemfungua macho juu ya siasa, na Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Nigeria. Mwaka 1946 Aminu alikwenda London kusomea ualimu. Aliporejea alishiriki kuunda chama cha walimu wa Kaskazini, kisha akafundisha katika chuo cha ualimu cha Maru, Sokoto.

Cheo cha Malam alichojulikana nacho maisha yake yote kina asili moja na neno la Kiswahili mwalimu. Yote mawili yametokana na Kiarabu. Katika Kihausa, hata hivyo, malam ni mwenye elimu ya dini kwanza, na heshima hiyo ilimkinga Aminu dhidi ya shutuma kwamba fikra zake zilikuwa za kigeni.

3.0 NEPU na Lugha ya Makabwela

Chama cha NEPU kiliundwa Kano mwezi Agosti 1950. Mwaka huohuo Aminu aliacha kazi ya serikali na kujiunga nacho, na baadaye akawa kiongozi wake mkuu. Katika Azimio la Sawaba, chama kilieleza kwamba jamii ya Kaskazini ilikuwa imegawanyika katika matabaka mawili yenye masilahi yasiyopatana: watawala wa serikali za wenyeji zilizoegemezwa na Waingereza, na talakawa.

Neno talakawa lisichanganywe na talaka ya Kiswahili. Katika Kihausa, talaka ni mtu asiye na cheo wala nasaba ya utawala. Makabwela ndilo neno la Kiswahili linalolikaribia. Lilikuwa neno la zamani, lililotaja tu nafasi ya mtu chini ya mkubwa wake. NEPU haikulibuni, bali ililigeuza likawa jina la kundi lenye madai yake. Sawaba nayo, yaani nafuu au kuondokewa na dhiki, ikawa jina la lengo la chama. Kwa njia hiyo, nadharia ya mapambano ya kitabaka iliwafikia wasikilizaji bila istilahi ya kigeni. Mashairi ya Kihausa yalisomwa mikutanoni, na hoja za uadilifu zilijengwa juu ya mafundisho ya Uislamu.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Mahakama za wenyeji ziliwafunga wanachama wengi. Gambo Sawaba, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa chama, alifungwa mara nyingi. Mwaka 1951 NEPU ilifanya vizuri katika hatua za awali za uchaguzi, lakini ikaondolewa katika hatua za juu ambako ushawishi wa watawala ulikuwa mkubwa. Mwaka 1954 Aminu alishindwa na Maitama Sule wa chama cha NPC. Mwaka 1959 hatimaye aliingia Bunge la Shirikisho, NEPU ikipata viti 8 tu. Kwa kuwa chama chake kilishirikiana na NCNC, iliyounda serikali ya mseto na NPC, Aminu alijikuta akiiunga mkono serikali jijini Lagos huku wafuasi wake wakiteswa na washirika wa serikali hiyohiyo huko Kaskazini. Katika uchaguzi wa Jimbo la Kaskazini mwaka 1961, NEPU ilipata kiti kimoja tu.

4.0 Kutoka Upinzani hadi Madaraka

Baada ya mapinduzi ya 1966, Aminu alihudumu katika serikali ya kijeshi ya Gowon akiwa kamishna wa shirikisho. Mwaka 1978 alianzisha chama cha PRP. Katika uchaguzi wa urais wa 1979 alipata takriban asilimia 10 ya kura na kushika nafasi ya nne, lakini PRP ilishinda ugavana wa majimbo ya Kano na Kaduna. Wanawake wa Kaskazini, ambao Aminu alikuwa amewatetea kwa miaka mingi, walipiga kura katika uchaguzi huo.

Magavana Abubakar Rimi wa Kano na Balarabe Musa wa Kaduna walifuta haraji, kodi ya kichwa, na jangali, kodi ya mifugo. Lakini walipoanza kukutana na magavana wa vyama vingine vya upinzani kinyume cha uamuzi wa chama, Aminu aliona nidhamu ya chama inavunjwa. Nao waliona mzee wao anawazuia kuyatekeleza aliyowafundisha. Chama kikagawanyika. Mwezi Juni 1981 Musa aliondolewa madarakani na baraza la jimbo ambalo wengi wake walikuwa wa NPN.

Aminu Kano alifariki tarehe 17 Aprili 1983, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, akiwa amemteua mwanamke, Bola Ogunbo, kuwa mgombea mwenza wake. Alizikwa nyumbani kwake Gwammaja, mjini Kano. Hakuacha utajiri.

5.0 Hitimisho

Katika uchaguzi wa 1983 Rimi aligombea Kano kwa tiketi ya NPP akashindwa. Wapiga kura walimchagua Sabo Bakin Zuwo wa PRP. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba uaminifu wa makabwela ulikuwa umefungamana na mtu aliyewapa jina zaidi kuliko na gavana aliyewafutia kodi. Hiyo ndiyo sifa ya Malam Aminu Kano, na ndiyo kasoro ya urithi wake: alijenga umma uliojitambua, lakini hakuacha chombo kilichoweza kumaliza mgogoro wake bila yeye. Mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 31 Desemba 1983 yalikikuta chama hicho kikiwa bado kimegawanyika.