McBain, mtu aliyehesabu chembe za sabuni

Sokoni Ariwara sabuni iko kila pembe: ile ya kukata, ile ya unga ndani ya vifuko vidogo, na ingine imevuka mpaka kutoka Arua asubuhi ileile. Mama anainunua kwa kufua, lakini kipande kimoja kinaenda machimboni pamoja na baba, na si kwa kuoga tu. Kila anayeosha mchanga anajua shida ya zahabu ya unga. Zahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na bado ile laini inaelea juu sawa vile vumbi, inatoka na maji machafu, na jasho la siku nzima linapotea. Mwenye ujuzi anadondosha maji kidogo ya sabuni ndani ya karai, na zahabu inazama. Wengine wanamwaga kifuko kizima. Juu ya hao wa kifuko kizima, leo tunasimulia maisha ya James William McBain.

Alizaliwa mwaka 1882 kule Chatham, New Brunswick, nchini Kanada. Alisoma Toronto, halafu akavuka bahari kwenda Ujerumani kujifunza kemia ya vipimo. Tangu 1906 alikuwa mwalimu Bristol, Uingereza, na hapo ndipo sabuni ilimshika. Alichukua ile ya palmitati, jina linalotoka kwa mti wa ngazi, mti tunaoujua vizuri kuliko yeye.

Shida aliyoikuta ilikuwa hii. Chumvi ikiingia ndani ya maji inagawanyika kuwa chembe ndogo zenye umeme. Unaweza kuzihesabu kwa njia mbili: kupitisha umeme, ao kupima namna mvuke wa maji unavyopungua. Kwa chumvi, hesabu zinakubaliana. Kwa sabuni zilikataa. Umeme ulipita vizuri, kana kwamba chembe ni nyingi. Mvuke ulisema ni chache. Ni kama shimo ambalo ukitazama udongo unaotoka utasema ndani kuna watu 40, lakini aliyesimama mlangoni anakuambia ameona watano tu.

Wengine walisema vipimo vimeharibika. McBain alirudia kupima miaka na miaka, halafu mwaka 1913 akatoa jibu: hao watano si watu, ni makundi. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa mafuta unaoyakimbia. Zikiwa nyingi zinashikana, mikia ndani, vichwa nje, na kundi zima linatembea kama mtu mmoja huku likibeba umeme wa wote. Leo makundi hayo yanaitwa miseli. Siku zile wakubwa wa elimu hawakutaka kusikia. Kati ya wakemia bado inasimuliwa kwamba alipoeleza wazo lake kwenye Royal Society ya London, mwenye kiti alimkatiza kwa dharau na kusema huo ni upuuzi. Tunamheshimu kwa sababu hakujibu kwa hasira, alirudi kupima.

Hapa hadithi inagusa nchi yetu. Mwaka 1919 McBain alipewa kiti cha kwanza cha ualimu mkuu kilichobeba jina la Leverhulme, pale Bristol. Leverhulme ni nani? Ni William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, yule aliyepatana na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 na kuanzisha Huileries du Congo Belge. Lusanga iliitwa Leverville kwa jina lake. Lokutu iliitwa Elisabetha. Wababu wa kule walipandishwa ngazi kwa nguvu, kwa mshahara wa aibu, na mwaka 1931 Wapende walipoasi, mamia waliuawa. Hatusemi McBain alimpiga mtu. Tunasema tu kwamba utajiri uliozaa kiti chake ulikuwa na harufu ya mawese ya Congo, na vitabu vya kemia havikumbuki jambo hilo.

Miaka ya 1920 alihamia Stanford, Marekani. Huko alitumia kidirisha cha glasi chenye vitobo vidogo sana: upande mmoja maji ya sabuni, upande mwingine maji matupu. Alingoja, akapima kiasi kilichovuka. Chembe peke yake inavuka mbio. Kundi kubwa linajikokota. Alitengeneza pia kisu kinachoruka juu ya reli na kukwangua ngozi ya juu kabisa ya maji, nyembamba kuliko milimita, ili aone kama kweli sabuni inajaa pale juu. Ilikuwa inajaa.

Na hapa kuna faida kwa karai yako. Sabuni inazamisha zahabu kwa kulegeza ngozi ya maji. Ngozi hiyo ikishajaa, ile unayoongeza haiendi tena juu, inaenda kufanya makundi ndani, ambayo yanafaa kubeba mafuta ya nguo lakini hayasaidii zahabu kuzama. Kwa hiyo matone machache yanatosha. Maji yenye udongo mwingi yanakula sabuni, ongeza kidogo kidogo, na ukiona povu nyingi, simama. Na tuseme wazi: sabuni haikingi mtu yeyote na mvuke wa zebaki.

McBain hakupata kila kitu sawa. Alidhani kuna makundi ya aina mbili, na mwaka 1936 Mwingereza Hartley alionyesha kwamba umbo moja la mviringo linatosha. Lakini jambo la makundi lenyewe halikubishaniwa tena, na mwaka 1939 Royal Society ileile ilimpa medali ya Davy.

Mwaka 1949, akiwa mzee, alikubali kwenda Pune, nchini India iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru, kuwa mkurugenzi wa kwanza wa maabara ya taifa ya kemia. Nehru mwenyewe aliifungua Januari 1950. McBain alikufa 1953. Maabara ya Pune ingali inafanya kazi.