Munganga aliyerudisha nyuso: maisha ya Archibald McIndoe

Leo tunawaletea maisha ya munganga mmoja aliyekuwa na shamba ng'ambo ya ziwa letu, chini ya mlima Kilimanjaro. Jina lake Archibald McIndoe. Tumemchagua juu ya swali linalorudi kila mara kwenye machimbo na nyumbani: mtu akipata kansere ya kinywa ao ya taya, na munganga akisema lazima akate, je, atabaki na shimo usoni mpaka kufa? Kuna wanaokimbia hospitali juu ya ile woga. Wanatafuta kwanza dawa za mizizi, na siku wanarudi kidonda kimekwisha kula shavu. Jibu iko ndani ya maisha ya huyu muzee na ya ndugu yake mmoja.

McIndoe alizaliwa mwaka 1900 kule Dunedin, New Zealand, inchi ya kondoo na mvua. Baba yake alikuwa mchapishaji wa vitabu, mama yake mchoraji wa picha. Alisomea uganga kwao, kisha akaenda Marekani kwenye kliniki ya Mayo. Huko alijulikana kwa kupasua tumbo na ini, si uso. Mkubwa mmoja wa Uingereza akamwambia aje London, kazi iko. Akaja na bibi na mtoto, kumbe kazi haikuwako. Wachimbaji wetu wanajua vizuri safari ya namna hiyo: unaambiwa kuna mgodi mupya, unauza kila kitu, unafika, hakuna kitu.

Aliyemuokoa ni ndugu wa ukoo wake, Harold Gillies. Hapa tukae kidogo, juu bila Gillies hatuwezi kuelewa kitu.

Katika vita ya kwanza ya dunia, Gillies alipokea waaskari ambao risasi na moto vimeondoa taya, pua, midomo. Ukikata kipande cha ngozi nyembamba na kukibandika pahali pengine, kinaweza kushika kama kidonda chenyewe kiko na damu nzuri. Lakini shimo kubwa la taya linataka ngozi pamoja na nyama chini yake, na nyama iliyotengwa na damu inaoza. Njia ya kupita ni hii: usikate yote. Mama yeyote wa Niemba anayelima viazi vitamu anaijua. Kamba ya kiazi inatambaa, inafika udongo mwingine, inatoa mizizi pale, lakini bado inakula kwa mama yake. Ukiikata mapema inakauka. Ukingoja mizizi ishike, unaweza kuikata, nayo inaishi.

Mwaka 1917 Gillies alikuwa anatengeneza uso wa baharia mmoja aliyeungua vitani. Aliinua vipande virefu vya ngozi ya kifua, mizizi yake ikibaki imeshikamana. Akaona kando za kila kipande zinajikunja zenyewe, akazishona pamoja, kikawa kama mpira wa bomba. Ndani damu inatembea, nje vijidudu haviingii. Munganga mmoja wa Odessa, Filatov, alikuwa amefikia jambo lile lile bila wao kujuana. Kwa hiyo bomba, ngozi ya tumbo iliweza kusafiri: kwanza inashonwa kwenye mkono, inangojewa wiki kama tatu, kisha inakatwa tumboni, na mkono unaipeleka usoni. Mtu alikaa miezi, mara miaka, na mkono umefungwa karibu na pua yake. Ilikuwa mateso, tusidanganyane. Lakini mwisho wake alikuwa na uso.

Hiyo njo kazi ambayo McIndoe alijifunza kwa Gillies tangu miaka ya 1930. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, alitumwa kwenye hospitali ndogo ya East Grinstead, kusini ya London. Walioletwa ni vijana wa ndege za vita. Petroli iliwaka mbele yao, wakaungua uso na mikono. Mtu aliyeona moto ukiruka kutoka kwenye motopompe pale kwenye shimo anajua mambo tunayosema.

Wakati ule waganga walipaka dawa ya tanini, inayokausha ngozi ngumu kama ya ng'ombe. McIndoe akaona kwamba rubani aliyeanguka baharini anapona vizuri kuliko aliyeanguka inchi kavu. Akatupa ile dawa, akaanza kuogesha wagonjwa katika maji ya chumvi ya kipimo. Kisha, operasio baada ya operasio, kope, midomo, pua.

Lakini kwa macho yetu, kazi yake kubwa haikufanywa na kisu. Jeshi lilikuwa na sheria: mtu akipita siku 90 hospitalini, anafukuzwa kazi na mushahara wake unakatwa. Uso hautengenezwi kwa siku 90. McIndoe, mtu mwenye kichwa ngumu na asiyeogopa wakubwa, alipigana na sheria hiyo mpaka ikaondolewa. Akakataa pia zile nguo za bluu za wagonjwa. Vijana wakavaa yunifomu yao. Akaweka piano na pipa la bia ndani ya wodi. Akawazungukia watu wa mji, akawaomba waalike hao vijana nyumbani, wakule nao, wasiwakodolee macho. Mji ukakubali. Tunajua mikini ambako hilo lingekuwa gumu kuliko operasio yenyewe.

Wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao mwaka 1941, wakajiita panya wa majaribio. Mtunza feza walimchagua mtu aliyeungua miguu, asipate kukimbia na sanduku. Mwandishi alikuwa mtu wa vidole vilivyoungua, asiandike mambo marefu. Mwisho wa vita walikuwa 649.

Kisha vita McIndoe alipata shamba pale Kilimanjaro. Karibu nalo aliishi Michael Wood, munganga wa Nairobi aliyejifunza kwake kazi ya nyuso. Pamoja na Mmarekani Tom Rees, walizungumza jinsi ya kufikia wagonjwa wa mbali ambao barabara haiwafikii. Mwaka 1957 wakaanzisha kazi ya waganga wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo inaitwa AMREF. McIndoe hakuiona ikikomaa. Alikufa usingizini London mwezi wa 4 mwaka 1960. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la jeshi la ndege, St Clement Danes, heshima ambayo raia hapewi.

Na kansere je? Kamba ya kiazi ikaingia humo. Mwaka 1963 McGregor wa Glasgow alieleza namna ya kushusha ngozi ya paji la uso ndani ya kinywa baada ya kuondoa kansere. Mwaka 1965 Bakamjian, kule Buffalo, Marekani, akaleta ngozi ya kifua mpaka koo. Mwaka 1979 Ariyan akainua ngozi pamoja na musuli wa kifua, akaipitisha chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye taya. Siku hiyo hiyo shimo linafungwa, bila kungoja miezi na mkono usoni. Hospitali kubwa sana zinakata kipande kabisa na kushona mishipa yake chini ya hadubini, hata kuchukua mfupa wa mguu kutengeneza taya. Ile ya kifua haitaki hadubini. Inataka mpasuaji aliyeijifunza, damu ya akiba na munganga mzuri wa usingizi.

Basi mtu mwenye kidonda cha kinywa kilichopita wiki tatu bila kupona aende kipimwe, zaidi kama anavuta tumbako na kunywa lutuku. Akiambiwa atakatwa, aulize mbele ya kulala mezani: mutafunga shimo na nini, siku ile ile ao baadaye? Mchimbaji aulize pia juu ya bega, maana musuli wa kifua ukiondoka, mkono unapunguka nguvu kidogo kwa kupiga sururu. Na mwanaume mwenye manyoya kifuani asishtuke akihisi manyoya yanaota ndani ya shavu. Ni ngozi ya kifua, haijui kwamba imehama.