Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyeitembea ramani ya Kigoma

Ukibahatika kuziona ramani za zamani za mkoa wetu wa Kigoma na Ziwa Tanganyika, utakutana na majina ya Burton, Speke, Stanley na Cameron. Hao ndio waliopeleka michoro na taarifa Ulaya, na ndio waliopewa sifa. Yupo mtu mmoja aliyesafiri na wote wanne, akafika Ujiji na kila mmoja wao. Huyo ni Sidi Mubarak Bombay, na leo tunasimulia maisha yake.

Alizaliwa kama mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande wa mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, na mwishowe akavushwa bahari hadi India. Huko alimtumikia tajiri mmoja kwa miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja akiwa mtu mzima na kuingia katika askari wa Sultani. Jina la Bombay linatokana na miaka yake ya India.

Mwaka 1857 alikutana na Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliokuwa wakijiandaa kwenda bara. Wakati huo ramani iliyokuwa ikijadiliwa sana Ulaya ni ile ya wamisionari wa pwani ya Mombasa, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno likiwa limejaa katikati ya nchi. Tanganyika, Nyasa na Viktoria yalikuwa yamechanganywa kuwa ziwa moja. Burton na Speke walitumwa wakaone wenyewe.

Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Alichokijua ni Kihindustani, na hapo ndipo Bombay alipokuwa wa lazima. Habari ya mto au mlima ilitoka kwa mwenyeji kwa lugha yake, ikapita kwenye Kiswahili, Bombay akaigeuza Kihindustani, na Speke akaiandika kwa Kiingereza. Vipimo vya jua na nyota vilionyesha msafara uko wapi. Kuhusu jina la mahali, na nini kilichopo ng'ambo ya kilima kisichofikiwa, vyombo havikuwa na jibu. Ilibidi kuuliza watu.

Walifika Ujiji Februari 1858, Speke akiwa karibu haoni na Burton hawezi kutembea. Swali kubwa lilikuwa Mto Rusizi, kaskazini mwa ziwa: je, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Mwarabu mmoja alikuwa ameeleweka kusema kwamba unatoka. Lakini walipofika Uvira kwa mitumbwi, wenyeji walisema unaingia. Bombay naye akaeleza kwamba hata maneno ya yule Mwarabu yalikuwa yameeleweka kinyume. Neno moja likaugeuza mto mzima. Mdomo wenyewe wa Rusizi hawakuufikia, na ubishi uliendelea Ulaya hadi mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipofika pale kwa mtumbwi na kuona maji yakiingia ziwani.

Agosti 1858 Bombay alikuwa na Speke walipoliona Ziwa Viktoria. Kati ya 1860 na 1863 aliongoza watu wa msafara wa Speke na Grant, wakapita Karagwe na Buganda, wakaufuata Nile hadi Misri.

Mwaka 1871 Stanley alimchukua kuwa nahodha wa askari wake. Njia ya kawaida kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, wakazunguka kusini na kutokea Mto Malagarasi, ambako mamba alimchukua punda wao mmoja. Kisha wakaingia Uha. Hapa watawala wa Waha waliwadai hongo, kwa kuwa msafara ulikuwa unapita katika nchi ya watu. Baada ya kutoa vitambaa vingi, Stanley aliamua kupita porini usiku ili asilipe tena. Bombay alikuwemo katika safari hiyo, na Stanley, mtu mkali, aliwahi hata kumpiga.

Hapo tunapata sababu mojawapo ya nyanda zetu za juu kuachwa karibu tupu kwenye ramani zile. Misafara ilifuata Malagarasi na chumvi ya Uvinza, ikaelekea Ujiji. Waliopita pembezoni mwa Uha walitaka kutoka haraka. Milima ya Kibondo, Kumsenga ikiwemo, haikuwa njiani mwao. Speke aliwahi hata kuchora Milima ya Mwezi kama kiatu cha farasi kaskazini mwa Tanganyika, ilhali hakufika huko.

Safari kubwa ya mwisho ya Bombay ilikuwa na Cameron. Walifika Ujiji Februari 1874, wakazunguka sehemu ya kusini ya ziwa, wakauona Mto Lukuga unakotokea, na Novemba 1875 wakafika pwani ya Angola. Mtoto aliyeuzwa sasa alikuwa amelivuka bara kutoka bahari hadi bahari. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni.

Alifariki mwaka 1885. Mwaka huohuo mkutano wa Berlin ulimalizika na Wajerumani wakaanza kudai nchi yetu. Mataifa yaliyogawana ardhi yalitumia ramani ambazo watu kama Bombay walikuwa wameziulizia njia, na wenye ardhi hawakuulizwa.

Kwa nini tunalileta hili leo? Kwa sababu ramani bado zinachorwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mpaka wa kijiji ni jambo la maandishi. Mpimaji huja na kifaa kinachosoma setilaiti, lakini kifaa hicho hakijui kijito kinaitwaje kwa Kiha, wala ni mti upi wazee walikubaliana uwe alama. Mwenye kujua hayo asikae nyumbani siku ya upimaji. Aende, aseme jina la kijito, na ahakikishe limeandikwa kama lilivyo kabla watu hawajatia sahihi.